Kabambe ya shilingi 1,850: miezi mitano baada ya kuachishwa kazi

Simu hii ya vitufe niliinunua Luthuli Avenue, Nairobi, kwenye duka moja la chini ya ngazi, Jumamosi moja ya Aprili. Shilingi 1,850, na muuzaji akaniongezea kadi ya kumbukumbu ya GB 8 bure kwa sababu nilisimama pale kaunta muda mrefu akadhani nabembeleza bei. Sikuwa nabembeleza. Nilikuwa naitazama tu ile simu, vitufe vyake vya mpira na kioo chake cha upana wa vidole vitatu, nikijiuliza kama mtu aliyetunza sava, zile kompyuta zinazoendesha huduma za mtandaoni, kwa miaka minane anaweza kweli kurudi huku.

"Ni ya mathe?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, ni ya mama.

Chapa haina maana. Ukipanga kabambe kumi za bei hii mezani hutazitofautisha ila kwa rangi. Yangu ni ya buluu, ina tochi kichwani, redio, laini mbili, na mchezo wa nyoka ambao nyoka akifika urefu fulani unaanza kuomba ulipie.

Kwa nini mtu wa teknolojia anunue mulika mwizi mwaka huu? Kwa sababu Machi nilipoteza kazi. Nilikuwa nafanya kazi kutoka nyumbani kwangu Umoja kwa kampuni ya ng'ambo, mwaka wa nne, pamoja na watu ambao sikuwahi kuwaona miguu. Jumanne moja niliamka nikashika simu kabla sijashika mswaki, nikakuta nenosiri limekataliwa. Nikajaribu tena, nikidhani nimekosea herufi. Baadaye barua ikaingia kwenye anwani yangu binafsi: mkutano wa video, saa tatu. Ulichukua dakika tisa. Wa Nairobi tulikuwa kumi na wanne, na kamera zote zilizimwa isipokuwa ya yule mama aliyekuwa akisoma karatasi. Siku ya nne akaja mtu wa pikipiki kuchukua kompyuta yao, akanipa kitabu nitie sahihi.

Usiku ule wa kwanza nilisoma Sheria ya Ajira ya 2007 chini ya blanketi, kwenye simujanja, mwangaza umepunguzwa. Kifungu cha 40: ilani isiyopungua mwezi mmoja, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Nikapiga hesabu. Kisha nikafungua mkataba wangu nikakutana na neno nililokuwa nimelitia sahihi bila kulitazama usoni: mkandarasi. Mkandarasi haachishwi kazi, ni mkataba wake tu usioongezwa. Nikazima hesabu.

Kusema kweli nilikuwa nimeonywa. Novemba 2022 Meta ilitangaza kuwapunguza watu 11,000, Januari 2023 Google ikasema 12,000, Machi Meta ikarudi na wengine 10,000. Nilizisoma habari hizo nikiwa na kazi, kama tunavyosoma Nairobi habari za mafuriko ya Budalang'i: masikitiko ya kweli, na miguu mikavu.

Kilichonipeleka Luthuli, hata hivyo, ni mlio. Kazi yangu ilikuwa na zamu za usiku. Sava ikianguka saa nane za usiku, simu inalia kwa sauti moja niliyoichagua mwenyewe, kama king'ora kilichomezwa, na nina dakika tano za kuijibu kabla haijampigia mkubwa wangu. Wiki ya tatu bila kazi, nikiwa kwenye matatu Jogoo Road, simu ya kijana aliyeketi nyuma yangu ikalia mlio ule ule. Mkono wangu ulikuwa tayari umeingia mkobani, kidole gumba kinatafuta pa kubonyeza, kabla kichwa hakijakumbuka kwamba sina sava. Kijana alikuwa akiitwa na mpenzi wake. Nilishuka vituo viwili kabla ya kwetu nikatembea.

Na mlio ulikuwa afadhali. Ukimya ndio ulionimaliza. Nilikuwa nafungua LinkedIn, mtandao wa watu wa makoti, mara hamsini kwa siku, picha yangu imevishwa ile pete ya kijani ya kusema natafuta kazi, nasoma barua za kwaheri za watu wa Dublin na Bengaluru, kila moja ikiwa na pongezi chini yake kana kwamba mtu amejifungua. Nafasi ikitangazwa saa nne, saa tano imeshaombwa na watu zaidi ya mia. Siku moja niliweka simu chini kwenda kupika, nikajikuta jikoni na simu mkononi, na sufuria bado iko kabatini.

Basi hiyo ndiyo simu ya buluu. Sasa niiseme yenyewe.

Betri. Hapa sina neno. Naichaji Jumapili jioni, inanifikisha Ijumaa au Jumamosi. Stima ikipotea ploti nzima tunaanza kutafutana, na mimi ndiye mwenye simu. Mlango wa pili huja kuniomba nimpigie keateka.

Tochi. Inamulika kweli, jina la mulika mwizi halikutoka hewani. Lakini aliyeibuni hajawahi kuishiwa na tokeni usiku. Tokeni ya stima ni tarakimu 20, inakuja kwa meseji, na tochi iko kichwani mwa simu ikitazama juu. Ukiielekeza tochi kwenye mita, kioo kinatazama sakafu. Ukitaka kusoma tarakimu, mwanga unakwenda kwenye dari. Mara ya kwanza nilijikunja mbele ya kile kisanduku cha mita kama mtu anayejaribu kujinyoa kisogo, nikakosea kuingiza mara mbili. Siku hizi naziandika kiganjani kwa kalamu kwanza, halafu namulika. Nimeonekana dukani na nusu ya tokeni mkononi, mama mboga akaniuliza ni mtihani gani.

Sauti. Hii itoe siku hiyo hiyo unayoinunua. Kila kitufe unachobonyeza, mwanamke fulani ndani ya simu anakitangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kituo cha treni. Niligundua hilo nikiwa foleni ya supamaketi, natafuta nyota 334 reli, menyu ya M-Pesa, nilipe. Watu wote wakageuka. Sikusubiri kujua kama ataisoma na nambari ya siri. Nilikata, nikalipa kwa noti, nikaenda nyumbani kutafuta anazimiwa wapi. Yuko menyu ya nne, chini ya jina lisilohusiana.

M-Pesa baada ya hapo haina shida, na isingekuwa na haki ya kuwa na shida. Ilianza Machi 2007, siku ambazo simu za Wakenya wengi zilikuwa ndizo hizi. Haidai intaneti, inadai mtandao wa kawaida na subira: ukichelewa kidogo kwenye menyu inakutupa nje uanze upya. Lakini usinunue kabambe ukidhani itakuepusha na madeni. Fuliza, ile huduma ya kukopa ndani ya M-Pesa ambayo ipo tangu Januari 2019, inapatikana humu humu kwa vitufe vya mpira. Mei niliichukua mara tatu.

Kamera ipo. Nilimpiga mtoto wa dada yangu picha, akatoka kama kiazi. Aliiangalia akasema, "Anti, huyu ni nani?"

Redio inahitaji waya wa masikioni, kwa sababu waya ndio antena. Bila waya ni mchanga mtupu. Nilianza kusikiliza Radio Taifa jioni nikikuna nazi, kitu ambacho sikukifanya tangu nikiwa msichana Voi. Habari zinasomwa, zinakwisha. Hilo la kukwisha nilikuwa nimelisahau. Kwenye simujanja habari haina mkia, unaivuta tu.

Kuandika ndiko kulikonibadilisha, na sijui kama nikuweke upande wa sifa au wa lawama. Hakuna Kiswahili kwenye kamusi ya simu, kwa hiyo kila herufi unaitafuta mwenyewe. S iko kwenye 7, unabonyeza mara nne. Neno "sawa" ni kubonyeza mara 7. Siku za kwanza watu walikuwa wananiandikia kuniuliza hali, na jibu langu la miaka yote ni "niko sawa". Nilihesabu: 10 za "niko", moja ya nafasi, 7 za "sawa". Mara 18, kwa uongo. Kufikia mtu wa nne nilichoka nikaanza kupiga simu badala ya kuandika, na kwenye simu huwezi kusema niko sawa ukaishia hapo, mwenzako anakusikia unavyopumua. Mama yangu ndiye aliyefaidi. Miaka minne nilikuwa namtumia sauti za sekunde kumi kwenye WhatsApp. Sasa nampigia Voi karibu kila jioni, na wiki ya pili akaniuliza, "Mwanangu, umefutwa kazi eh?" Sikuwa nimemwambia. Alisema mtu mwenye kazi hapigi simu saa kumi za mchana akauliza habari za mbuzi.

Sasa ubaya, na ubaya wake ni mkubwa.

Kwanza, mtu anayetafuta kazi ya kompyuta mwaka huu bila simujanja anajifunga kamba. Mtandao wa nyumbani niliukata kupunguza gharama. Nina laptopu yangu nzee, betri yake ilikufa 2021 na tangu hapo inaishi kwa waya. Kwa hiyo kila asubuhi naibeba hadi saiba moja ya Umoja, duka la kulipia intaneti, na mwenyewe akaniwekea bei ya shilingi 50 kwa saa kwa sababu nakuja na mashine yangu. Saa mbili. Naomba kazi, najibu barua, natoka. Hilo la saa mbili nalipenda. Foleni nyuma yako haikuruhusu kusoma kwaheri za watu wa Dublin.

Nambari za siri za pili, zile zinazoombwa baada ya nenosiri, ndizo zitakazokuumiza usipojipanga. Zile tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30 hazihitaji intaneti wala simujanja: ni saa na ufunguo vikipigiana hesabu, na programu ya kompyuta inaweza kuzitoa vilevile. Hamisha funguo zote kwenye kompyuta kabla hujaiweka simujanja kabatini. Mimi, ambaye hii ilikuwa kazi yangu, nilihamisha zote nikasahau moja, ya barua pepe yenyewe. Jumatatu saa moja asubuhi, saiba imefunguliwa sasa hivi, skrini ikaniambia nithibitishe kwenye simu yangu. Simu yangu iko Buruburu, kwenye kabati la dada, katikati ya sahani za wageni. Nikampigia.

"Imewaka," akasema. "Inauliza kama ni wewe."

"Ni mimi. Bonyeza ndiyo."

"Hakuna ndiyo. Kuna nambari tatu."

Nambari ya kuchagua nilikuwa nayo mimi kwenye skrini, lakini alipoifikia muda ulikuwa umekwisha. Tukarudia mara tatu, yeye akiwa na mtoto wa kupeleka shule kwenye mkono wa pili. Dada yangu ni mwalimu wa chekechea na ana subira ya kazi yake. Mara ya nne tuliingia.

Kwa nini simu iko kwake? Kwa sababu ya WhatsApp. Unaweza kuitumia kwenye kompyuta simu ikiwa mbali, lakini simu yenyewe isipotumika kwa zaidi ya siku 14, kompyuta inatolewa nje. Hivyo kila Jumapili ya pili naenda Buruburu kuiamsha. Niliiacha kwa dada makusudi, maana nikikaa nayo nyumba moja najijua. Sheria ni yake, sio yangu: hanipi simu kabla sijala. Nimewahi kukaa mbele ya sahani ya pilau nikilitazama kabati kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe. Kufikia Julai nikawa nakula na kuomba nyongeza, na Jumapili moja nilikaribia kuondoka bila kuiomba. Yeye ndiye aliyenikumbusha.

Lakini Juni ilinigharimu. Kampuni moja ya hapa hapa ilikuwa imepitia barua zangu, na mtu wao akanitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, Ijumaa jioni, akitaka tuongee Jumamosi asubuhi. Hakupiga. Saiba haifungui jioni, na Jumamosi niliingia saa sita. Nikamrudia kwa simu, akapokea kwa adabu, akasema walishampata mtu. Hilo siwezi kuliremba. Pengine wasingenichukua, lakini nilikuwa nataka wanikatae wenyewe. Tangu siku hiyo nambari yangu kwenye wasifu ina maneno mbele yake: kwa kupigiwa tu.

Na chama. Chama chetu, kikundi cha kuchangiana pesa, kiko kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na kamati za harusi mbili na ya matanga moja. Kwa wiki sita nilionekana mtu aliyenuna. Mmoja alimuuliza mwenzangu kama nimeokoka. Mweka hazina sasa ananitumia meseji yangu peke yangu, kwa herufi kubwa, kama telegramu: MKUTANO JPILI SAA 8 LETA 1000. Nimemwambia asibadilishe.

Kuhusu saiba, niseme kidogo tu maana si huduma ninayoipitia hapa. Juni yote foleni ilitoka mlangoni, watu wanaowahi kujaza ripoti za kodi za KRA, mamlaka ya mapato, kabla ya tarehe 30. Wengi hawakuwa na mapato ya kuripoti na bado lazima uingie useme huna. Mwenye saiba aliniona nikimsaidia mzee mmoja aliyesahau nenosiri, akaniuliza kama naweza kukaa meza ya pili hadi mwisho wa mwezi. Alinilipa kwa kila mtu. Nikajaza za watu na yangu pia. Kwenye kazi ya sava ungeweza kwenda mwaka mzima bila mtu kukushukuru, kwa sababu sava ikisimama vizuri hakuna anayejua ipo. Yule mzee aliniletea ndizi.

Usalama: mjini naipiga simu nikiwa dirishani kwenye matatu, vioo wazi, foleni ya magari ya mzunguko wa Globe, hakuna anayenisumbua. Soja wa ploti yetu, mtu wa makamo, aliiona siku ya kwanza akacheka hadi akaegemea geti. "Msichana wangu, hata mwizi atakuonea huruma." Mwezi wa tatu tangu niinunue akaniomba nimtafutie kama hiyo, yake imeingia maji.

Je, imeniponya? Hapana. Pesa zinaisha kwa kasi ile ile, na usiku wa manane bado naamka saa nane kamili, zamu ya mtu mwingine. Tofauti ni kwamba nikiamka naiona ile buluu kwenye stuli, na haina la kuniambia. Ina saa tu. Nageuka upande wa pili.

Nyota 3 kati ya 5. Ningeipa 4 bila yule mwanamke wa tarakimu na bila ile tochi. Kama una kazi, inunue iwe ya wikendi. Kama huna, usiifanye simu yako ya pekee kama nilivyofanya mimi. Iwe na simujanja yake mahali, kwa mtu atakayekulisha kwanza, na umwombe aiangalie Ijumaa jioni.

Na mjue haidumu sana. Agosti kitufe cha 5 kilianza kukwama. J, K na L zote ziko hapo. Bila 5 huandiki kazi, huandiki kesho, huandiki kula, na hata ule uongo wangu wa mara 18 haukamiliki. Jana nimeirudisha Luthuli, kwa fundi wa ghorofa ya pili mwenye meza ya vioo. Akaifungua, akapuliza, akasema ni mpira wa ndani, 250, Alhamisi. Nikamwambia sawa, anipigie ikiwa tayari.

Akaitazama simu iliyo mkononi mwake, kisha akanitazama mimi.